SOMO KWA VIJANA NA WAZAZI: KUJITAYARISHA KUWA MWANASHERIA



Tangu tulipokuwa tukifundisha, na hata sasa tukiwa tumestaafu, vijana wa sekondari hutujia wakisema, "Mwalimu, nataka kuwa mwanasheria." Tukiwauliza sababu, wengi hujibu, "Kwa kuwa najua kusema." Somo letu la leo lahusu jibu hilo.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Zamani alitujia msichana wa Kidato cha Pili, mpole, mpenda vitabu, mwandiko wake safi. Alituuliza kama yafaa ajitayarishe kwa kazi ya sheria. Tukamjibu kwa haraka, "Mwanangu, wewe huongei. Sheria ni mdomo." Akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake, wala hakuuliza tena.

Miaka mingi baadaye tuliitwa mahakamani kuwa shahidi katika shauri la mpaka wa shamba. Wakili wa upande mmoja alikuwa na sauti ya kujaza chumba. Wa upande wa pili alisema taratibu, tena maneno machache. Lakini kila alilolisema alilionyesha katika karatasi: hati ya mauzo, tarehe, sahihi za mashahidi. Huyo ndiye aliyeshinda. Pale kwenye benchi tulimkumbuka yule msichana, tukaona haya. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulikuwa tumewafundisha watoto kuvuma.

Basi, kijana ajitayarishe namna gani?

1. Aijue kazi yenyewe. Kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili. Wako mahakimu na majaji, waendesha mashtaka, na washauri wa sheria katika serikali, mabenki na mashirika. Wengine hupitisha miaka bila kusimama mahakamani; kazi yao ni kusoma na kuandika mikataba. Kwa hiyo mtoto mnyamavu naye anayo nafasi.

2. Aijue njia. Hapa Tanzania, amalizaye Kidato cha Sita kwa ufaulu wa kutosha huweza kusomea shahada ya sheria kwa miaka mitatu au minne, kwa kadiri ya chuo. Akitaka kuwa wakili, huendelea na mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha huapishwa na Jaji Mkuu. Aliyeishia Kidato cha Nne asikate tamaa: Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto hutoa cheti na stashahada ya sheria, na wapo walioanzia hapo wakapanda.

3. Achague masomo kwa akili. Wengi huchukua Historia, Kiswahili na Kiingereza, au Historia, Jiografia na Kiingereza. Historia humfundisha mtu kupima ushahidi: nani aliandika, lini, na kwa faida ya nani? Hata Hisabati isidharauliwe. Anayezoea kuthibitisha jambo hatua kwa hatua, bila kuruka, amekwisha kuanza kufikiri kama mwanasheria.

4. Azitunze lugha zote mbili. Mahakama za Mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Lakini hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza, na chuoni atazisoma kwa lugha hiyo. Zoezi letu ni hili: kila juma achukue ibara moja ya Katiba ya mwaka 1977, tuseme ibara ya 13 juu ya usawa mbele ya sheria, aieleze kwa sentensi tatu ambazo bibi yake ataelewa. Bibi akiuliza, "Una maana gani?" basi arudie.

5. Ajifunze kusoma hukumu. Tutatoa mfano mmoja. Mwaka 1983 ilifika mbele ya Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, rufani namba 9 ya mwaka huo. Mke aliyeachwa alidai sehemu ya mali ya ndoa. Swali lilikuwa hili: Je, kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika kupatikana kwa mali, kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya 1971? Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Hata hivyo mama yule hakupata nyongeza, kwa kuwa mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha za biashara naye akazitapanya. Mwanafunzi mvivu atasema, "Alishindwa." Mwanafunzi mwangalifu atatenganisha mambo mawili: kanuni iliyowekwa, ambayo imewasaidia wake wengine baada yake, na matokeo ya shauri lile moja.

6. Azoee kuutetea upande asioupenda. Katika mdahalo wa shule, aombe kupewa upande wa pili. Atajifunza kusikiliza kabla ya kujibu.

7. Awe mwaminifu tangu sasa. Mwanasheria hupewa siri na fedha za watu. Anayetangaza siri ya rafiki darasani, au anayekula michango ya darasa, asidhani atageuka siku atakapovaa joho.

Ninyi wazazi na walimu wenzetu, twawaomba jambo moja. Mtoto akija na swali kama la yule msichana, msimpime kwa sauti yake. Mpeni kitu cha kusoma, kisha mwulizeni amekiona nini ndani yake. Sisi hatukupata nafasi ya kumwomba radhi binti yule, wala hatujui aliko. Kama amejaliwa kuusoma ukurasa huu, ajue kwamba aliuliza vema, na kwamba aliyejibu vibaya ni mwalimu wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kanuni ya hukumu yaweza kuwafaa watu hata kama aliyeleta shauri hakupata alichodai?
2. Ni kazi zipi za sheria zinazohitaji zaidi kalamu kuliko sauti?
3. Je, yuko kijana katika mtaa wenu aliyeambiwa "huwezi"? Nani atakwenda kuzungumza naye juma hili?