Mshahara Mmoja, Kodi Tofauti: Gharama za Maisha Mikoani Tanzania

Kwa nini chumba cha Dar es Salaam ni ghali kuliko cha Kasulu?

Kodi hufuata ajira kabla ya kufuata uzuri wa nyumba. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na wengi huwania makazi yaliyo karibu na Kariakoo, Posta na viwandani. Mpangaji wa Sinza hununua ukaribu. Akihamia Chanika kodi hushuka, lakini nauli na foleni humla. Tena kinachouma zaidi ni kuanza. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye hudai ya mwezi mmoja. Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi kinahitaji 560,000 kabla godoro halijaingia ndani.

Na Dodoma?

Kodi zilipanda baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kuwa inahamia huko. Watumishi hufika kwa barua ya uhamisho. Nyumba hujengwa tofali kwa tofali.

Je, mikoani kila kitu ni rahisi?

La. Viazi ni nafuu Njombe, ndizi Bukoba, mchele Kyela, kwa kuwa shamba liko jirani. Bidhaa za dukani huenda kinyume. Katika bei kikomo za mafuta ambazo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza kila mwezi, petroli ya Kigoma na Kagera huizidi ya Dar es Salaam, maana lori limesafiri kutoka bandarini. Anayejenga Kigoma hupata tofali za kuchoma hapo hapo, ila bati hulipia safari nzima. Umeme wa TANESCO ndio usiojali umbali: viwango vyake ni vya Tanzania Bara nzima.

Zanzibar iko wapi katika hesabu hii?

Pabaya kidogo. Mchele mwingi huagizwa nje, na vitunguu huvuka bahari kutoka bara. Utalii nao hupandisha bei ya ardhi na kodi kuanzia Nungwi hadi Paje.

Mishahara huzingatia tofauti hizi?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Bara, kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kisekta, si kimkoa, na mwalimu wa serikali wa daraja moja hulipwa sawa Temeke, Dar es Salaam, na Buhigwe, Kigoma. Wa Buhigwe huwahi kununua kiwanja. Wa Temeke hutegemea masomo ya ziada au genge la jioni, na wateja wa hayo ndio haba Buhigwe.