Mteja Amelipa Kweli? Jinsi Tovuti Yako Inavyosoma Taarifa za Malipo

Mwenye duka anajua hili: mteja akikuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, hautoi mzigo mpaka uone pesa imeingia upande wako. Meseji iliyo kwa simu yake inaweza kuwa imeandikwa na mtu yeyote.

Duka lako la mtandaoni linafaa kuwa makini vivyo hivyo. Leo tuangalie ni taarifa gani tovuti inasoma mteja anapolipa, na ni zipi za kuaminika. Mfano wetu ni PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress, pamoja na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Hata kama huandiki programu mwenyewe, utajua cha kumuuliza fundi wako.

1. Ombi linafika na nini?

Mtu akifungua ukurasa, brauza yake inatuma ombi kwa seva. PHP inagawanya yaliyomo kwenye visanduku vyenye majina:

- $_GET: maneno yaliyo kwenye anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza.
- $_POST: yale mteja amejaza kwenye fomu.
- $_SERVER: habari za seva na za ombi lenyewe. Kwa mfano, $_SERVER['REQUEST_METHOD'] inasema kama ombi ni GET ama POST, na $_SERVER['REMOTE_ADDR'] inatoa anwani ya IP iliyounganika na seva.

2. Nani ameyaandika?

Hili ndilo swali kubwa. Tuseme mteja akimaliza kulipa anapelekwa hapa:

asante.php?oda=214&hali=imelipwa

Kama tovuti inasoma $_GET['hali'], inaona "imelipwa", kisha inatuma viatu vya Sh2,500, uko taabani. Mtu yeyote anaweza kuandika anwani hiyo kwa mkono bila kulipa hata shilingi. Hiyo ni ile meseji ya kuonyeshwa tu.

Ndani ya $_SERVER pia kuna tofauti. Majina yanayoanza na HTTP_, kama HTTP_USER_AGENT ama HTTP_X_FORWARDED_FOR, hubeba kile anayetuma ombi amejisemea mwenyewe, na anaweza kudanganya. REMOTE_ADDR ni ngumu zaidi kughushi kwa sababu seva inaipata kwenye muunganisho wenyewe. Lakini kama tovuti yako iko nyuma ya huduma kama Cloudflare, anwani utakayoona huenda ikawa ya huduma hiyo, si ya aliyetuma.

3. Jibu la kweli linapitia mlango mwingine

Mteja akipata STK push na kuweka PIN, Daraja inatuma matokeo moja kwa moja kwa seva yako, bila kupitia brauza ya mteja. Ujumbe huo uko katika muundo wa JSON. Hapa mafundi wengine hukwama: wanafungua $_POST na kukuta ni tupu, wanadhani hakuna kilichotumwa. PHP hujaza $_POST kwa data ya fomu peke yake. JSON inasomwa hivi:

$ujumbe = file_get_contents('php://input');
$data = json_decode($ujumbe, true);

Ndani yake kuna ResultCode. Ikiwa 0, malipo yamefaulu. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. Ikiwa 1, salio halikutosha. Malipo yakifaulu, utapata pia Amount, ambayo ni kiasi, na MpesaReceiptNumber, ile namba ya risiti.

4. Kagua kabla ya kutoa mzigo

Hata mlango huu unaweza kubishwa na mtu mwingine akijua anwani yake. Kwa hivyo tovuti yako ifanye haya:

- Ilinganishe CheckoutRequestID iliyokuja na ile iliyohifadhiwa wakati ombi la malipo lilipotumwa. Isipopatikana, usitoe kitu.
- Ihakikishe kiasi kilicholipwa ni sawa na bei ya oda kwenye rekodi zako, si bei iliyotoka kwa fomu.
- Ikatae namba ya risiti iliyokwisha kutumika. Ujumbe mmoja ukifika mara mbili, mzigo usitoke mara mbili.
- Iulize Daraja yenyewe hali ya malipo hayo kabla ya kufunga oda. Huduma hiyo ya kuuliza ipo.

Kumbuka pia: katika visanduku hivi vyote, PIN haimo. Mteja huiweka kwenye simu yake, na haifiki kwa seva ya duka. Ukiwa mnunuzi na tovuti ikuombe uandike PIN ya M-Pesa kwenye fomu, toka hapo mara moja.

Jaribu leo

Weka oda kwenye tovuti yako mwenyewe, kisha ughairi STK push ikifika kwa simu. Sasa fungua ukurasa wa "asante" kwa kuandika anwani yake pamoja na namba ya hiyo oda. Oda ikionekana imelipwa, mpigie fundi wako leo, na usitume mzigo wowote kabla ya kuthibitisha malipo kwenye taarifa ya till ama paybill yako.