Nyumba Ndefu na Hesabu ya Gharama

Katika nchi ya Singida nyumba ya asili ni tembe. Kuta zake ni za miti iliyokandikwa udongo, na paa lake ni bapa, la miti na fito zilizofunikwa kwa udongo. Tembe ni fupi, hata mtu mrefu hana budi kuinama mlangoni. Wazee hawakuijenga fupi kwa kukosa akili. Nchi ile ni kavu, miti mirefu ya kujengea ni adimu, na upepo wake ni mkali; nyumba iliyolala chini husimama salama. Ujenzi mwema huanza kwa kuitazama nchi.

Mnamo mwaka 2021 habari ilienea kwamba kampuni moja yakusudia kujenga jumba refu la mbao katika mji mpya wa Fumba, kisiwani Unguja, kusini ya Mji Mkongwe. Jumba hilo lilipewa jina la Burj Zanzibar; neno burj ni la Kiarabu, maana yake ni mnara. Katika mpango ule lilikuwa na ghorofa 28, urefu wa mita 96, na makao 266. Wakati huo nyumba ya mbao iliyosifiwa kwa urefu duniani ilikuwa Mjøstårnet, katika mji mdogo wa Brumunddal huko Norwei. Hiyo ilimalizika mwaka 2019, nayo ina ghorofa 18 na urefu wa mita 85 hivi. Basi kisiwa cha karafuu kilitaka kuipita Ulaya.

Jambo kubwa namna hii halikosi kuwagawanya watu. Wako waliofurahi. Hao husema kwamba haifai Mwafrika akae kutazama tu wenziwe wakijenga, na kwamba kazi kubwa huwafundisha mafundi ujuzi mpya. Tena husema, mti hupandwa ukaota tena, lakini jiwe likichimbwa halioti. Mti unapokua huvuta hewa ya kaboni, na ubao ukikaa nyumbani hewa hiyo hubaki imefungwa ndani yake. Bali kuchoma mawe ya chokaa ili kupata saruji huitoa hewa hiyo kwa wingi.

Wako na wenye shaka. Swali lao la kwanza ni moto, maana mbao na moto ni maadui tangu zamani. Wahandisi wana jibu. Ubao wa jengo kama hilo si ubao wa sanduku. Mbao nyingi hupangwa moja juu ya nyingine, nyuzi zake zikikingamana, nazo hugandishwa kwa gundi hata zikawa pande moja nene. Pande hilo likishikwa na moto huungua nje na kufanya tabaka la makaa, na makaa hayo huuchelewesha moto usifike ndani upesi. Tena katika mpango ule sehemu ya katikati ya jumba ilikusudiwa kuwa ya zege.

Lakini yako maswali yasiyojibiwa na ubao. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mwezi wa Desemba 2009 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme wa bara muda wa miezi mitatu hivi. Mama akaaye ghorofa ya 28, mwenye ndoo ya maji na mtoto mgongoni, atapandaje lifti ikisimama? Maji nayo hutoka chini ya ardhi. Na visima vya karibu na pwani vikitekwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia mahali pa maji matamu. Na mvuvi wa Fumba ana haki ya kuuliza kama atapata makao katika jumba hilo, au kama kivuli chake tu ndicho kitakachomfikia.

Ubishi wa namna hii si mpya. Tarehe 14 Februari 1887 gazeti moja la Paris, mji mkuu wa Ufaransa, lilichapisha barua ya waandishi na wasanii mashuhuri. Miongoni mwao walikuwa mwandishi Guy de Maupassant na mtungaji wa muziki Charles Gounod. Waliupinga mnara wa chuma wa Gustave Eiffel, wakiona kwamba utaharibu uzuri wa mji wao. Mnara ukamalizika mwaka 1889, wenye urefu wa mita 300. Ulipewa ruhusa ya kusimama miaka 20 tu. Lakini ulipoonekana kuwa wafaa kwa simu ya upepo, ukaachwa. Leo watu wa Paris hawataki hata kusikia habari ya kuubomoa.

Mtu asidhani, basi, kwamba wapingao hukosea siku zote. Huko Unguja Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Ajabu, mwaka 1883. Watu waliistaajabia kwa urefu wake, na baadaye kwa taa zake za umeme na lifti yake. Lakini miaka ilipita, chumvi ya bahari na mvua zikaila. Tarehe 25 Desemba 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, upande wake mmoja ulianguka na watu wawili wakafa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujenga ni kazi ya miaka michache. Kutunza ni kazi ya vizazi.

Injili ya Luka ina mfano wa mjenzi wa mnara asiyepiga hesabu mapema: kazi ikamshinda, naye akawa kichekesho. Gharama ya nyumba ndefu si fedha tu. Ni maji, ni umeme, ni njia ya kutokea moto ukizuka, ni mikono ya kuitunza, na ni haki ya majirani. Aotaye ndoto ya mnara si mpumbavu, na amwulizaye maswali si adui yake. Mji upatao watu wa namna zote mbili, wakaketi pamoja kabla ya msingi kuchimbwa, umekwisha kujenga kitu kilicho imara.

Maswali
1. Kwa nini wazee wa Singida walijenga tembe fupi?
2. Pande nene la mbao hufanya nini linaposhikwa na moto?
3. Kwa nini mnara wa Paris haukubomolewa?
4. Kama jumba la ghorofa 28 lingetakiwa kujengwa mjini Singida, ni maswali gani matatu yangefaa kuulizwa kwanza?