Kompyuta ya Kuunga Mwenyewe: Mwongozo wa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza Kariakoo

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha kijana wa Jangwani, mwalimu wa Ilala, mwenye steshenari ya Magomeni, na mzazi yeyote aliyesikia kwamba kompyuta ya mezani inaweza kuungwa nyumbani, kipande kwa kipande, bila kusomea chuoni. Inawezekana. Kuunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku, na kifaa kikuu ni bisibisi ya nyota. Wanaoshindwa, wengi wao hushindwa kabla ya hapo: wamenunua vipande visivyooana, au vilivyo tofauti na maandishi ya kwenye boksi, kisha wakavichomeka kwenye umeme wa nyumba isiyo na waya wa ardhi. Ndiyo maana humu soko na umeme vimepewa nafasi kubwa kuliko bisibisi.

KABLA YA KUPANDA MWENDOKASI

Amua kwanza mashine itafanya kazi gani. Ya kuchapa barua, kujaza fomu za mtandaoni na kuangalia masomo haihitaji kadi ya grafiki. Ya kuhariri video za harusi au ya michezo inaihitaji, na hiyo kadi huenda ikagharimu kuliko vipande vingine vyote. Usikubali kuuziwa mashine ya mhariri wa video wakati wewe unatoa kopi na kuchapa wasifu wa waombaji kazi.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Leo hali imegeuka: kuanzia Aggrey na Likoma hadi ukivuka Mnazi Mmoja kwenda Posta, bidhaa ni nyingi kiasi kwamba kazi ngumu ni kuchagua. Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kununua kasha la mtumba la ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk kwa mfano, kisha kuliongezea RAM (kumbukumbu ya kazi) na SSD (hifadhi ya faili). Ya pili ni kununua kila kipande peke yake. Kwa maoni yetu, mwenye bajeti ndogo aanze na ya kwanza, maana hapo madabodi (bodi kuu), prosesa (ubongo wa mashine) na pawasaplai (kipande cha kugawa umeme) tayari zimekwisha kuzoeana.

Lakini mtumba una mitego miwili. Mmoja ni umri. Muuzaji atakwambia "hii ni Core i5" na kunyamaza hapo. Muulize namba inayofuata. i5-4570 ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Zote ni i5, ila ya pili ina viini 6 na ya kwanza 4. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwenye kizazi cha 4 anaweza kuweka Linux bila kulipa senti, na kwa kazi za kawaida itamfaa vizuri. Asilipe tu bei ya kizazi cha 8.

Mtego wa pili ni umbo. Makasha mengi ya Dell na HP hayatumii plagi ya umeme ya kawaida yenye pini 24. Yana plagi za kampuni yenyewe. Pawasaplai ikiungua huwezi kuchukua yoyote dukani ukafunga. Na yale makasha membamba hayana nafasi ya kadi ya grafiki ya urefu wa kawaida. Kama unafikiria kuongeza vitu mbele ya safari, chukua kasha nene la kusimama.

VIPANDE VINAVYOKUBALIANA

Anayenunua kila kitu kivyake aanze na prosesa, kisha atafute madabodi yenye soketi yake. Prosesa za Intel za kizazi cha 10 na 11 hukaa kwenye LGA1200. Za 12, 13 na 14 kwenye LGA1700. Ryzen za mfululizo wa 1000 hadi 5000 hukaa kwenye AM4. Soketi pekee haitoshi, na LGA1151 imewaliza watu wengi: prosesa ya kizazi cha 8 inaingia vizuri kabisa kwenye madabodi ya kizazi cha 6, inafungwa, inakaa, na haiwaki. Andika jina kamili la madabodi, fungua tovuti ya aliyeitengeneza, na usome orodha ya prosesa inazozikubali. Bando la robo saa linatosha.

RAM nayo ina koo zake. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la chini limewekwa mahali tofauti makusudi ili isiingie isipohusika. Ukiona inagoma, usiikandamize. Na kama madabodi ina nafasi za kutosha, RAM mbili za GB 8 zilizofungwa kwenye nafasi zinazoenda pamoja ni bora kuliko moja ya GB 16, kwa sababu prosesa huzisoma zote mbili kwa pamoja.

Jambo jingine linalowapata wageni: prosesa ya Intel inayoishia na herufi F, kama i5-12400F, haina sehemu ya picha ndani yake. Kwa upande wa AM4, Ryzen nyingi zisizo na herufi G ni hivyohivyo. Bei yake ni ndogo na inavutia. Ukifika nyumbani feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii, na mashine haina ubovu wowote: inasubiri kadi ya grafiki ambayo hukununua.

UKIWA SOKONI

Utapokewa na winga kabla hujashuka kituoni. "Bosi wangu, unatafuta nini?" Winga si mwizi, ana kazi yake, na akijua duka anakuokolea miguu. Ila bei atakayokutajia ina cha juu chake, na kipande kikikataa kesho yake, duka litasema halikujui wewe, linamjua yeye. Kwa vipande vya kompyuta tunashauri uingie dukani mwenyewe, uulize maduka matatu, uandike bei na jina kamili la kila kipande. Sema "prosesa", usiseme "CPU", maana ukisema hivyo utaletewa kasha zima.

Kabla ya kulipia madabodi ya Intel, omba kifuniko cha plastiki kiondolewe na umulike soketi kwa tochi ya simu, kwa ubavu. Ndani kuna pini nyembamba mno zaidi ya elfu moja, zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Zikiwa sawa, mwanga unateleza juu yake kwa mstari ulionyooka. Penye pini iliyopinda utaona doa, nukta inayong'aa au kivuli kisichofanana na majirani zake. Piga picha, ikuze, angalia tena. Ukiona doa rudisha palepale, kwa sababu ukishatoka nayo hakuna atakayeamini kwamba hukuipinda wewe. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe; igeuze uikague hivyohivyo.

Kisha omba vijaribiwe juu ya kaunta. Mafundi wa Kariakoo wanaujua mchezo huu: madabodi inawekwa juu ya boksi lake la karatasi, inafungwa prosesa, feni na RAM, inachomekwa pawasaplai na skrini, na fundi anagusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikionyesha maandishi, ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya mashine, usome jina la prosesa na kiasi cha RAM kwa macho yako. Duka linalokataa jaribio hili kwa mnunuzi wa vipande vyote, hama. Maduka ni mengi.

SSD na flashi ndizo zinazochakachuliwa zaidi. Kifaa cha nje kilichoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana mara nyingi ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofungwa ndani ya boksi na kufundishwa kudanganya. Kompyuta itaonyesha TB 2, nawe utanakili faili zako bila tatizo hadi nafasi halisi iishe, halafu zinazofuata zinafuta za mwanzo. Programu ya bure ya H2testw hujaza kifaa chote na kukisoma upya. Ifanye siku hiyohiyo. Kwa SSD ya mtumba tumia CrystalDiskInfo, itakuonyesha imefanya kazi saa ngapi na afya iliyobaki.

Dai risiti ya EFD, na uombe jina na namba ya kipande viandikwe humo au kwenye karatasi yenye muhuri wa duka, pamoja na muda wa dhamana. Yale maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yasikutishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Bila risiti utabaki na hadithi tu.

UMEME WA NYUMBANI

Geuza pawasaplai uangalie nyuma. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, lakini mzigo uliotoka Marekani unaweza kuwa umewekwa 115. Ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja, kisha harufu, na mambo yameisha. Isukume kwa ncha ya bisibisi hadi 230 ionekane, kabla hata waya haujagusa soketi ya ukutani. Zisizo na swichi na zilizoandikwa 100 hadi 240 zinajirekebisha zenyewe.

Sasa suala la kasha linalong'ata. Umeshawahi kugusa kompyuta kwa mkono wenye jasho ukahisi mtekenyo? Ndani ya pawasaplai kuna kichujio kinachopitisha chembe ya umeme hadi kwenye kasha, kikitegemea waya wa ardhi uibebe. Nyumba ikiwa haina waya huo, au plagi ya pini tatu imeingizwa kwenye adapta ya pini mbili, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, kwa hiyo kwa kawaida haurushi mtu. Lakini siku waya wa moto ukigusa chuma ndani, hakuna njia nyingine ya umeme isipokuwa mwili wako. Kuvaa ndala si tiba. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime soketi na kufunga waya wa ardhi. Katika nyumba kuukuu za Kariakoo zenye vyumba vingi vya kupanga, mzungumze na mwenye nyumba mkiwa wapangaji wote.

Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, subiri dakika chache utulie. UPS ni ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, si ya kuendelea na filamu. Na VA 650 si wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa takriban wati 360 hadi 390.

KUUNGA

Video nyingi za ng'ambo husisitiza umeme tuli. Kwa unyevu wa Dar hatari hiyo ni ndogo. Gusa chuma cha kasha kila baada ya muda, inatosha. Adui yetu ni jasho. Jifute mikono na paji la uso, fanya kazi asubuhi au jioni, na uzime pangaboi kama linapeperusha vumbi.

Kwenye kona ya prosesa kuna pembetatu ndogo. Ioanishe na ya kwenye soketi, iachie ikae kwa uzito wake, funga kishikio. Pesti ya joto weka kiasi cha punje ya choroko katikati, na ubandue ile plastiki ya chini ya feni kama ipo. RAM isukume hadi klipu zijifunge zenyewe kwa mlio. Yote haya yafanye madabodi ikiwa nje ya kasha, kisha ifunge juu ya vile vinara vya shaba. Mgongo wa madabodi ukigusa chuma cha kasha, utaleta shoti. Plagi kubwa ya pini 24 hakuna anayeisahau. Inayosahaulika ni ile ya prosesa, ya pini 4 au 8, kwenye kona ya juu.

Ikiwaka bila picha, angalia kwanza kama waya wa skrini umeuchomeka kwenye kadi ya grafiki, kama unayo, na si kwenye madabodi. Kisha zima, chomoa umeme, toa RAM, safisha meno yake kwa kitambaa kikavu, na urudishe moja tu. Matatizo mengi ya siku ya kwanza huishia hapo.

PA KUIWEKA

Usiiweke sakafuni. Bonde la Msimbazi linajulikana kwa mafuriko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wengi walihamishiwa Mabwepande, na kwa miaka mingi mvua kubwa ikinyesha barabara ya Jangwani imekuwa ikifungwa. Meza au rafu ya ukutani inatosha. Maji yakiifikia, usiiwashe ili kujaribu. Chomoa, toa betri ndogo ya madabodi, ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa.

Vumbi lipulize kila baada ya miezi michache, ukishika feni isizunguke. Na kama baada ya mwaka mmoja au miwili saa inarudi nyuma kila ukiwasha, na tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, usimlipe mtu akuwekee Windows upya. Ni ile betri ya CR2032 imeisha, na inauzwa hata kwa mafundi saa wa barabarani.