Mlima Kilimanjaro na Kilima cha Shamba Lako

Wewe mkulima wa Shinyanga au Geita, huenda hujauona Kilimanjaro ila katika picha. Hata hivyo mlima huo wafaa kufikiriwa kabla hujashika jembe, kwa sababu wafundisha jambo juu ya maji ambalo latuhusu sana sisi tunaolima miteremko yenye mvua haba.

Kilele chake, Kibo, kina kimo cha mita 5,895, na hakuna kirefu zaidi katika Afrika. Kimo ndani ya Tanzania, lakini mpaka wa Kenya wapita miguuni pa mlima upande wa kaskazini na mashariki. Watu wengi hudhani ya kuwa maji ya huko yatoka katika barafu ya kileleni. Sivyo. Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na hata ilipokuwa nyingi haikuwa chanzo kikuu cha maji. Maji mengi hutoka katika msitu uliouzunguka mlima kama mshipi. Upande wa kusini msitu huo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Majani yaliyooza huipokea mvua, nayo ardhi huinywa polepole. Kisha maji husafiri chini ya ardhi bila kujali mpaka: mengine hushuka kusini kwenye mto Pangani, na mengine hububujika katika vinamasi vya Amboseli, Kenya, mahali pakavu kabisa. Mwaka 1941 ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili ulitengwa upande wa kusini ili wenyeji wapate kuni na mbao, msitu wa juu usiguswe.

Sasa tutazame kwetu. Shinyanga hupata kiasi cha milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa kishindo. Geita hupata zaidi. Juu ya vilima vyetu vya mawe udongo ni wa kichanga, ule uitwao luseni; chini yake ni itogolo, ngumu kama sakafu; bondeni ni mbuga nyeusi. Zamani miti mingi ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na maji yakapata njia ya kukimbia pamoja na udongo. Ilipoanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, dawa iliyofaa zaidi haikuletwa kutoka mbali. Ilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: mahali panapofungwa mvua zianzapo, majani na miti vikaota, pakafunguliwa kwa ng'ombe wakati wa kiangazi. Kilima chako kisipandwe kitu kileleni. Pafanye ngitili.

Chini ya hapo lima matuta yanayokinga mteremko. Usikisie kwa jicho, maana jicho hudanganya sana kwenye mteremko mdogo. Chukua miti miwili minyofu ya mita 2, ifunge pamoja vichwani, itanue miguu, kisha funga mti wa tatu katikati upate umbo la herufi A. Ning'iniza kichwani kamba yenye jiwe, ipite mbele ya mti wa kati. Simamisha kifaa, weka alama chini ya kila mguu, na nyingine mahali kamba inapogusa mti wa kati. Geuza kifaa, miguu ibadilishane mahali pale pale, uweke alama ya pili kwenye mti wa kati. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Anza ukingoni mwa shamba. Mguu mmoja ukae, mwingine uusogeze juu au chini mpaka kamba itulie kwenye usawa, kisha piga kigingi. Endelea hivyo hivyo. Tuta lifuate vigingi, hata kama mstari utapinda.

Katika luseni, funga mfereji kati ya matuta kwa vizuizi vya udongo kila hatua mbili au tatu. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta, ili maji yakizidi yapite juu yake wala yasivunje tuta. Katika mbuga usifunge hivyo. Pamba na mtama vitasimama majini na kugeuka manjano.

Kwa ndugu zetu wa Geita wanaolima karibu na mashimo ya dhahabu: miti ya matimba isikatwe juu ya shamba, na maji yanayotoka kwenye marudio yasielekezwe kwenye bustani wala mpunga, kwa kuwa huweza kuwa na zebaki.

Mvua za Novemba zikianza, kagua matuta kila baada ya mvua kubwa. Anza na tuta la juu kabisa, kwa sababu likipasuka hilo, maji yake hupasua yote yaliyo chini.