Kinywa cha mtoto: bakteria na fangasi wanaposhirikiana

Mtoto ana miaka mitatu. Meno yake ya mbele ya juu yamebaki vipande vyeusi, chakula hakitaki, na usiku analia mpaka nyumba nzima inaamka. Bibi yake anasema, "Jino limeliwa na mdudu."

Katika mazungumzo yetu na wazazi hapa Engutoto tumelisikia neno hilo mara nyingi, nasi hatulicheki. Bibi yuko karibu na ukweli. Wapo viumbe hai wanaohusika, ila ni wadogo mno kuonekana kwa macho, na hawafanyi kazi peke yao. Katika somo hili tutaangalia viumbe wawili, bakteria na fangasi, na jinsi wanavyosaidiana kuharibu meno ya watoto wetu.

Utelezi wa ndoo

Kabla hatujaendelea, fanyeni jaribio hili kwenye kikundi chenu. Tafuteni ndoo ya maji ambayo haijasuguliwa kwa wiki moja. Mwageni maji, kisha kila mmoja apitishe kidole ndani ya ndoo. Mtahisi utelezi. Sasa suuzeni ndoo kwa maji safi na mguse tena. Utelezi bado upo. Mwisho sugueni kwa brashi au kitambaa kigumu. Hapo ndipo unapotoka.

Utelezi huo ni utando. Umejengwa na viumbe wadogo walioshikamana na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Kwenye meno hali ni hiyo hiyo. Pitisha ulimi juu ya meno yako asubuhi kabla ya kupiga mswaki, utausikia. Ndani ya utando kuna mamia ya aina za bakteria, na wengi wao hawana madhara. Kuna pia fangasi, hasa yule aitwaye kandida, ambaye anaishi kimya katika vinywa vya watu wengi wenye afya njema. Ndiye yule anayeleta utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga, au kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua.

Sukari ndiyo gundi

Bakteria anayejulikana zaidi kwa kuozesha meno anaitwa streptokokasi mutansi. Akipata sukari anafanya mambo mawili. Kwanza, anaigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo inayeyusha sehemu ngumu ya nje ya jino. Pili, anatoa kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa gundi ya kunata.

Kwa miaka mingi wataalamu wa meno walimtazama bakteria huyu peke yake. Baadaye ilionekana kwamba watoto wadogo wenye meno yaliyooza vibaya mara nyingi wana kandida pia katika utando wa meno yao. Uchunguzi wa maabara ulionyesha sababu. Kimeng'enya cha bakteria kinajibandika kwenye ngozi ya nje ya fangasi, na pale pale juu ya mwili wa fangasi kinaanza kutengeneza gundi. Fangasi ambaye peke yake hashiki vizuri kwenye jino sasa amepata pa kujishikiza. Naye analipa fadhila. Anavumilia asidi, anaongeza ya kwake, na nyuzi zake zinakuwa kama fito za nyumba ambazo bakteria wanajazana katikati yake kama udongo. Mwaka 2014 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliowekewa viumbe hao wawili pamoja na kulishwa sukari walioza meno vibaya kuliko panya waliowekewa mmoja tu.

Hapa kuna jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike. Pasipo sukari ya kawaida, ile tunayotia kwenye chai, hakuna gundi hiyo, na viumbe hawa wawili hawashikamani sana. Sukari si chakula chao tu. Ndiyo inayowaunganisha.

Mwaka 2022 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitoa habari nyingine ya kushangaza. Walipokuwa wakitazama kwa darubini mate ya watoto wadogo wenye meno yaliyooza, waliona mafungu ya bakteria na fangasi waliokwisha kushikamana hata kabla ya kulifikia jino. Mafungu hayo yalijibandika, kisha nyuzi za fangasi zikarefuka na kuyasukuma mbele, kana kwamba yanatembea na kuruka, huku yakiwabeba bakteria ambao wenyewe hawana uwezo wa kwenda. Mafungu hayo pia yalikuwa magumu kuua na kuondoa kuliko kila kiumbe peke yake.

Chupa ya usiku

Tulipoeleza haya katika mkutano mmoja, bibi mmoja alitukatiza. "Wanangu, mimi nimelea watoto saba, na wote walikunywa chai. Mbona meno yao hayakuoza?"

Tulimwuliza, "Bibi, sukari wakati huo mliipata wapi?"

Alicheka. "Sukari! Ya foleni hiyo. Ukipata kilo unaificha."

Watu wazima wanakumbuka uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980. Chai ilikuwa na sukari kidogo, ilinywewa asubuhi, basi. Leo mtoto anapewa chai tamu, juisi au uji wenye sukari ndani ya chupa, na anaachiwa chupa hiyo kitandani ili anyamaze. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha asidi mdomoni. Utando unakula sukari hadi alfajiri.

Na kunyonyesha? Kunyonyesha ni kuzuri, na asiwepo mama wa kumwachisha mtoto ziwa kwa sababu ya somo hili. Hata hivyo watafiti wa Tanzania, akiwemo Mecky Matee wa Muhimbili, walichunguza katika miaka ya 1990 watoto wa Tanzania waliokuwa wakinyonya na ambao meno yao yameoza sana. Katika utando wa meno yao walikuta streptokokasi mutansi kwa wingi, na tabia iliyohusiana na kuoza huko ilikuwa mtoto kulala usiku na chuchu mdomoni. Mama anaweza kumnyonyesha, na akisinzia amtoe taratibu.

Dawa ya dukani haitoshi

Wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Tunaelewa, maana maumivu ya mtoto hayasubiri. Lakini dawa hiyo haiwaui fangasi. Inapunguza bakteria, hata wale wema waliokuwa wakimzuia kandida, naye anapata nafasi ya kuenea. Ndiyo maana wengine hupata utando mweupe mdomoni baada ya kunywa dawa hizo. Tundu la jino linabaki pale pale. Dawa za aina hii zina kazi yake, kwa mfano mtoto akiwa amevimba shavu na ana homa, lakini huyo anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.

Utando unaondolewa kwa kusuguliwa, kama ndoo ile. Anza jino la kwanza linapotoka. Mswaki wa mti unafaa kwa mkubwa anayejua kuutumia, ila kwa mtoto tumia mswaki laini wa dukani na dawa ya meno kiasi cha punje moja ya mchele. Msugulie wewe mwenyewe, hasa kabla ya kulala, na baada ya hapo asipewe kitu zaidi ya maji.

Meno ya kahawia

Huku kwetu kuna jambo linalowachanganya wengi. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru, kama Maji ya Chai, yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi tunayotia kwenye makande yanaongeza nyingine. Floraidi hiyo huyapa meno madoa ya kahawia wakati yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi. Madoa hayo si uozo na hayatoki kwa kusugua, hata kwa mchanga au mkaa, ambavyo vinalikwangua jino tu. Wala mtu asidhani kwamba floraidi ya maji yetu inamkinga mtoto. Mwenye madoa anaweza kuoza meno kama mwingine.

Namna ya kutofautisha ni hii. Mlaze mtoto mapajani penye mwanga, inua mdomo wake wa juu na utazame meno ya mbele pale yanapokutana na fizi. Mstari mweupe kama chokaa unaofuata ukingo wa fizi ni mwanzo wa kuoza. Jino bado halijatoboka, na likisuguliwa kila siku na chupa ya usiku ikiondolewa, linaweza kupona. Ukiona rangi ya kahawia pamoja na shimo, mpeleke kwa daktari wa meno kabla hajaanza kulia usiku.