Neno Lisimezwe na Ngoma: Somo la Kurekodi Nyimbo Nyumbani

Katika somo la safari hii twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kuliingia, yaani kurekodi nyimbo nyumbani. Zamani kwaya ilichanga fedha mwaka mzima ili iende mjini kurekodi siku moja. Leo kompyuta moja, maikrofoni moja, kisanduku kidogo cha kuunganisha viwili hivyo, na programu kama Audacity, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, vyatosha kuanza kazi sebuleni. Hilo ni jema. Lakini tukizisikiliza kazi nyingi zinazotoka huko sebuleni, twasikia mambo mawili yale yale: waimbaji wasikika kana kwamba wamo ndani ya pipa, na ngoma za kielektroniki zaenda kama cherehani. Hapo watu husema, "Tununue maikrofoni ya bei kubwa zaidi." Mara nyingi dawa siyo hiyo.

Kabla hatujagusa chombo chochote, tuitazame lugha yenyewe, maana ndiyo tunayoirekodi. Kiswahili kimeweka maana nzito katika visauti vidogo mno. Andika atatuacha, kisha andika hatatuacha. Tofauti yake ni herufi moja, nayo ni pumzi tu. Haina mlio wa koo wala kishindo cha midomo, na nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na irabu inayoifuata. Herufi hiyo ikipotea, wimbo wa faraja umegeuka kuwa wimbo wa kukata tamaa. Tumepata kuisikia rekodi ya namna hiyo ikipigwa matangani, na bibi mmoja aliyekaa mkekani akauliza mbona wanasema hivyo. Hakuna aliyekuwa na la kumjibu, kwa sababu kwaya ilikuwa imeimba sawasawa. Ni ngoma na mitambo iliyoimeza ile h. Hali kadhalika nitaogopa na sitaogopa hutofautiana kwa sauti moja tu ya mwanzo. Basi katika somo hili lote tuwe na kipimo hiki: je, ile h imesikika?

Chumba na kinywa

Sauti husafiri kiasi cha meta 343 kwa sekunde, hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Mwimbaji akisimama na maikrofoni yake meta 1.7 kutoka ukutani, sauti huenda ukutani na kurudi kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde. Sikio halitambui kwamba huo ni mwangwi. Hulisikia neno likiwa na ukungu tu. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, kuta za lipu na madirisha ya vioo, na vyote hivyo huirudisha sauti. Huko ndiko linakotoka lile pipa, na hakuna maikrofoni ya bei yoyote inayoweza kuliondoa.

Dawa yake imo chumbani mwa kulala. Simamisheni godoro nyuma ya mwimbaji, tundikeni mablanketi mazito mawili kwenye kamba pembeni mwake, na mkeka au zulia liwe chini. Wengi huweka blanketi nyuma ya maikrofoni na kuacha ukuta mtupu nyuma ya mwimbaji; lakini maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, kwa hiyo ukuta zinaoutazama ndio wa kufunikwa kwanza. Kanga haitoshi, ni nyepesi mno. Trei za mayai wanazopenda vijana kuzibandika ukutani nazo hazisaidii sana, ingawa twakiri kwamba chumba huonekana kama studio.

Halafu zimeni feni, maana mvumo wake unafanana mno na ile h tunayoitafuta. Zimeni na friji. Na ili msisahau kuiwasha tena, wekeni ufunguo wa mlango ndani ya friji, hakuna atakayeondoka. Ikiwa mwasikia mngurumo mdogo usiokoma, huenda ni umeme wenyewe, ambao kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chomoeni waya wa kompyuta, itumie betri, na mara nyingi mngurumo hukoma. Jogoo wa jirani hana dawa isipokuwa kuchagua saa.

Kinywa na kiwe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, yaani kama sentimeta 20. Mwimbaji akisogea karibu zaidi, maikrofoni ya aina hiyo huongeza uzito wa sauti za chini. Mwanamume atajisikia anavuma kama redio naye atafurahi, lakini maneno yatakuwa mazito na herufi nyepesi zitafunikwa. Akienda mbali, chumba kitaingia. Kati ya kinywa na maikrofoni tandazeni soksi ndefu ya kike juu ya henga ya waya iliyokunjwa duara, ili pumzi ya p na b isiipige maikrofoni kwa kishindo. Ndugu zetu wa Mombasa, ambao hutamka paa mnyama kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, wataihitaji soksi hiyo kuliko wengine. Mwenye sauti kubwa katika kwaya arudi nyuma hatua moja, badala ya fundi kuhangaika na vitufe. Kipimo cha kurekodia nacho kisifike kwenye wekundu. Vilele vikigusa desibeli 12 chini ya kikomo panatosha, kwa maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki vizuri baadaye.

Tusisahau kumfundisha mwimbaji. Mwalimu wa kwaya awaambie waimbaji waitoe h kama mtu anayepulizia kioo cha miwani ili akisafishe. Wafanye hivyo wote kwa pamoja mara tano, kisha waimbe mstari wao. Dakika kumi za zoezi hilo zina faida kuliko saa mbili za kompyuta.

Wakati wa kurekodi, ngoma zisikike kwa hedifoni tu, si kwa spika, la sivyo zitaingia tena katika maikrofoni ya waimbaji na hazitatoka. Kama hedifoni ni moja, avae mwongoza kwaya, na wengine wamtazame mkono.

Sasa kompyuta. Punguzeni sauti zilizo chini ya hezi 80, ambako hakuna mwimbaji bali vishindo vya miguu na malori ya barabarani. Kati ya hezi 200 na 400 ndimo ukaamo ule uzito wa pipa. Ondoeni desibeli 2 au 3, si zaidi, mkisikiliza. Kompresa, yaani kile chombo kinachoshusha kelele kubwa ili sauti ndogo zipate kupandishwa, ni rafiki wa ile h kikitumiwa kwa kiasi: katika kila desibeli 3 zinazovuka mpaka mliouweka, ipite 1.

Ila kuna vyombo viwili vya kuogopwa. Cha kwanza ni kile kiitwacho geti, ambacho huinyamazisha njia ya sauti mpaka pawe na nguvu ya kutosha. Geti halijui Kiswahili. Husikia h, huiona ni dogo kama mvumo wa feni, hulifunga nje, kisha hufunguka kwa ile a kubwa inayofuata. Na tayari hatatuacha imekuwa atatuacha. Ni afadhali kuzima feni kuliko kuwasha geti. Cha pili ni chombo cha kupunguza makali ya s, ambayo hukaa zaidi kati ya hezi 5,000 na 8,000. Kikizidishwa, sitaogopa huanza na kitu kisichojulikana ni nini. Mwangwi nao mwaweza kuutia, maana watu huupenda, lakini uchelewesheni milisekunde 30 hivi, neno litangulie kwanza.

Ngoma zisizo na mkono

Mashine za ngoma si jambo la jana. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya TR-808 mwaka 1980, ikaacha kuitengeneza mwaka 1983. Ngoma zake hazikurekodiwa mahali popote. Zilitengenezwa na saketi za umeme, na ngoma yake kubwa yaweza kuvuma muda mrefu kuliko ngoma ya ngozi. Mwaka huo huo wa 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, ambayo ilikuwa na sauti za ngoma za kweli zilizorekodiwa. Sauti za kompyuta na vinanda vya leo nyingi zimetoka katika koo hizo mbili, na yafaa mjue mmechagua ukoo gani. Ule mvumo mrefu wa ukoo wa 808 hulala karibu na ilipo sauti ya wanaume wa besi. Fupisheni mkia wake, na mzee wa besi atasikika bila kuongezewa chochote.

Kwa nini basi ngoma hizi huenda kama cherehani? Kwa sababu kila pigo ni ndugu pacha wa lililotangulia. Mpiga ngoma wa kwetu, hata awe hodari namna gani, hapigi mara mbili kwa nguvu iliyo sawa. Mkono wa kulia una nguvu yake na wa kushoto una yake, naye huegemea pigo moja na kuligusa jingine tu. Mfumo wa midi, uliotoka mwaka 1983 na ambao bado ndio hutumika, huandika nguvu ya kila pigo kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Kijana akipanga ngoma kwa kubofya, mara nyingi mapigo yote hupata namba moja. Ayafungue, na ayabadili: pigo la kwanza 110, la pili 74, la tatu 92, la nne 68, na asirudie mpango huo huo katika kila mstari. Kisha ayasogeze mapigo machache, hasa yale mepesi, milisekunde 5 au 10 mbele au nyuma. Yale makuu yasiguswe, kwa maana kwaya huyaegemea.

Na tuhesabu viungo. Mpigaji ana mikono miwili na miguu miwili. Tumesikia mipango ya ngoma ambayo ingehitaji mtu mwenye mikono minne, na sikio hulikataa jambo hilo hata kama mwenye sikio hajui kwa nini. Tena, kitu kimoja cha kweli kikichanganywa na vya mashine huviinua vyote: kayamba, makofi, au ngoma ya kwetu iliyopigwa mbele ya maikrofoni ile ile, katikati ya mablanketi yale yale.

Turudi kwenye neno. Matoazi madogo ya kielektroniki, yale yanayosema "tsi tsi tsi" tangu mwanzo hata mwisho, ndiyo adui mkuu wa ile h, kwa kuwa nayo ni sauti ya hewa, na yana nguvu kuliko yeye. Yashusheni kuliko mnavyopenda. Kisha tazameni mahali pa kila pigo. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: ha-ta-tu-A-cha. Ngoma kubwa ikianguka pamoja na ile A, hulisaidia neno. Snea na matoazi vikianguka pamoja juu ya ha, ukanusho umekwisha kuzikwa. Mlioziimba nyimbo zilizotafsiriwa kwa tuni za Ulaya mwajua jinsi mkazo unavyovutwa huku na huku. Hapo ngoma zipunguzwe kabisa, kwa maana neno tayari lina mzigo wake.

Faili la sauti tupu, bila ngoma wala mwangwi, lihifadhiwe katika WAV mahali pawili, likiwa na tarehe na majina ya walioimba. Ngoma mwaweza kuzipanga upya mwakani.

Imla

Kazi ikimalizika, msiisikilize ninyi wenyewe, kwa sababu maneno mwayajua, na masikio yenu yatasikia hata kisichokuwapo. Mtafuteni mtoto wa darasa la tano, au mzee, ambaye hajapata kuusikia wimbo huo. Mpeni karatasi na kalamu. Mpigieni wimbo mara moja kwa spika ya simu ndogo, kwa kuwa ndiyo wengi watakayoitumia, na aandike anachosikia. Mzee asiyeandika aseme kwa mdomo, mwingine aandike.

Akiandika atatuacha, msikimbilie kupandisha sauti ya waimbaji. Kwanza nyamazisheni ngoma zote, mpigieni mstari huo tena. Akiisikia h, ondoeni matoazi na snea kwenye pigo lile moja, kisha mrudishieni tena ngoma zote zilizobaki. Asipoisikia, zimeni geti. Ikiwa bado, mwimbaji na arudi mbele ya godoro, apulizie miwani mara tano, arudie mstari huo mmoja tu kwa umbali wa shibiri, na feni iwe imezimwa.